Rotax 582: silinda ya upande wa propela yachemka mwendo wa kati

Kusi582: Salamu wakuu. Trike (ndege ndogo ya bawa la kitambaa) iko hapa Mombasa, injini Rotax 582 ya silinda mbili, petroli na oili zimechanganywa 50:1. Akselereta ikiwa wazi yote, mizunguko 6,400 kwa dakika, joto la ekzosi ni digrii 590 pande zote mbili. Nikipunguza hadi 5,200, silinda ya upande wa propela yapanda mpaka 640, mwenzake yabaki 600. Kikomo ni 650. Nitie jeti kuu (kitundu cha petroli ndani ya kabureta) kubwa zaidi? Au ni hili joto la Pwani?

Bandarini: Jeti kuu iache. Hiyo ni ya akselereta ikiwa wazi yote, na huko huna shida. Mwendo wa kati watawaliwa na slaidi, kile kizibo kinachonyanyuka ndani ya kabureta ukivuta akselereta, na sindano inayoning'inia chini yake. Joto la Pwani halina kosa: silinda huchemka petroli ikiwa haba, na hewa ya moto ni nyepesi, hivyo petroli ndiyo huzidi, haipungui.

Badilishana vihisi vya joto la ekzosi kwanza. Joto likihama na kihisi, kibovu ni kihisi. Likibaki palepale, zima injini, toa filta za hewa, tia kidole chini ya kila slaidi, na mtu avute akselereta polepole. Zinyanyuke pamoja. Zikipishana hata milimita moja, silinda hazifanyi kazi sawa. Rekebisha kwa skrubu ya waya wa akselereta.

FunguoKumi: Mimi ningeanza na mpira unaoshika kabureta. Utoe kabisa, uukunje kwa vidole. Nyufa hujificha pale mpira unaposhikana na bamba la chuma, na ukiwa umefungwa hazionekani. Hewa ikipenya hapo haikupitia kabureta, basi silinda hiyo hupata petroli haba. Badilisha yote miwili, umri wao ni mmoja. Na usinyunyizie dawa ya kusaka uvujaji injini ikizunguka. Kwenye trike propela iko jirani na mkono wako.

Kusi582: Na klipu inayoshika sindano?

Bandarini: Hiyo mwisho, mpira na waya vikishakuwa sawa. Klipu ikishuka mfuo mmoja, sindano yapanda na petroli yaongezeka. Kisha tia plagi mpya, BR8ES, funga trike kwa kamba madhubuti, iendeshe 5,200 dakika chache, uzime papo hapo bila kupunguza mizunguko kwanza, utoe plagi uitazame rangi. Kahawia ni njema. Nyeupe, bado petroli ni haba.

FunguoKumi: Na 640 hiyo usivuke nayo bahari. Pistoni ikikwama, hakuna pa kutua.