Napima floraidi, pia naongoza vijana: majibu niyatangaze lini?

Mleta mada: Wakuu salaam. Nasoma shahada ya uzamili hapa Arusha, napima floraidi (madini ya majini ambayo yakizidi huharibu meno na kuyatia rangi ya kahawia) kwenye vyanzo 12 vya maji upande wa kata ya Maji ya Chai. Pia ni mwenyekiti wa kikundi cha vijana cha kata. Vyanzo vitatu vimetoa miligramu 6 hadi 9 kwa lita. Vijana wanataka nisome majibu kwenye kongamano wiki ijayo, msimamizi anasema nisubiri. Watoto wanayanywa kila siku. Nifanyeje?

Kemia_Tengeru: Dada, kwanza namba yenyewe isimame. Elektrodi, yaani kile kipimio cha floraidi, uliipima kwa standadi (maji yenye floraidi ya kiasi kinachojulikana) ya miligramu 1 na ya 10 kwa lita siku hiyohiyo? Tofauti kati yake iwe karibu milivolti 54 hadi 60, ikipungua sana elektrodi imechoka au standadi imeharibika. Sampuli na standadi zote zichanganywe nusu kwa nusu na TISAB, kimiminika cha maabara kinachoiachia floraidi isomeke, zikiwa na joto moja. Bila TISAB, alumini na chuma vinaishika floraidi na unasoma chini ya ukweli. Chupa ziwe za plastiki, si za kioo. Hivyo vyanzo vitatu rudia mara tatutatu, na sehemu ya sampuli ipeleke maabara nyingine.

Mzee wa Vibali: Msimamizi yuko sahihi kuhusu kongamano, ila kunyamaza hapana. Wenye maji ndio wajue kwanza: mtendaji wa kijiji, jumuiya ya watumia maji, RUWASA (wakala wa maji vijijini) wilaya. Barua ipitie chuoni, kisha uombe nafasi kwenye mkutano mkuu wa kijiji. Jiandae, mtu atatoa karatasi ya zamani inayosema maji ni salama. Tanzania ilikubali hadi miligramu 4 kwa miaka mingi kwa lita kabla ya kushuka hadi 1.5, kiwango cha Shirika la Afya Duniani (WHO). Nenda na viwango vyote viwili.

Na meno ya watoto msiyaguse! Kuhesabu wenye meno ya kahawia shuleni ni utafiti wa binadamu, unadai kibali cha maadili na ridhaa ya wazazi. Picha zao kwenye bango ndiyo kabisa msithubutu. Mtoto ataishi na picha hiyo hadi ukubwani.

Mama Ndoo: Mkisema maji yana shida, semeni na cha kufanya jioni ileile. Kuchemsha hakusaidii, maji yakipungua sufuriani floraidi inazidi kukolea. Maji ya mvua yana floraidi kidogo sana, hivyo yatengewe ndoo ya kunywa na kupikia, waanze watoto chini ya miaka 8 ambao meno bado yanajijenga. Ya bomba yabaki ya kufua. Magadi ya kulainishia maharage nayo hubeba floraidi, mengine kwa wingi. Loweka maharage usiku kucha badala yake.

Chujio la mkaa wa mifupa linafaa kupunguza floraidi, ila linachoka. Pima maji yanayotoka, yakivuka 1.5 badilisha mkaa. Mifupa isiyoungua vizuri inaacha harufu na rangi, iliyoungua hadi ikawa nyeupe imepoteza nguvu. Na kikundi chenu kisiuze machujio, mtaonekana mmepima ili mpate soko.

Mleta mada: Ahsanteni sana. Kongamanoni tutazungumzia magadi na maji ya mvua tu, bila namba wala jina la chanzo. Jumatatu narudia vile vitatu. Mama Ndoo, mkaa wa mifupa uwe na chenga za ukubwa gani?

Mama Ndoo: Kama mchele uliokatika. Unga unaziba, na chenga kubwa maji yanapita bila kushikwa.