Namba za meseji zilizosomwa kwenye kisoma-habari: seti, bitimapu au vipande?

kibodi_mbovu:
Wakuu, habari za kazi. Naandika kisoma-habari cha Usenet (ule mtandao wa zamani wa makundi ya majadiliano) kwa Python, cha kutumia kwenye terminali. Tangu Google Groups ijitoe Usenet Februari 2024 nimetaka kusoma comp.lang.c (kundi la lugha ya C) na ndugu zake bila kufungua kivinjari. Kuvuta meseji kutoka kwenye seva kwa NNTP, itifaki ya Usenet, hakuna shida. Shida ni kukumbuka zipi nimeshasoma. Kwa sasa kila kundi lina set() (seti ya Python) ya namba za meseji nilizosoma, na nikifunga programu namwaga yote kwenye faili la JSON. Kundi likiwa na namba milioni moja, nikibonyeza "zote zimesomwa" programu inaganda na faili linafura hadi karibu MB 8. Nafikiria hifadhidata ya SQLite, mstari mmoja kwa kila meseji. Mnasemaje?

fundi_C:
SQLite ya nini? Bitimapu. Biti moja kwa kila namba, milioni moja ni baiti 125,000 basi. Kujua kama 48213 imesomwa ni kuangalia biti moja.

Mzee wa Seva:
Mdogo wangu kibodi, kabla hujagusa SQLite, fungua .newsrc ya kisoma-habari cha zamani, faili linalotunza makundi yako na namba ulizosoma. Utakuta mstari wa namna hii:

`comp.lang.c: 1-391204,391207,391210-391388`

Nukta mbili ni kwamba umejiunga na kundi. Ingekuwa alama ya mshangao, umejitoa. Kinachofuata ni vipande, mwanzo na mwisho. Meseji laki tatu na ushee, herufi hazifiki hamsini, na unaweza kuzisoma kwa macho yako pale unapowinda hitilafu. Wale wazee walikuwa na diski ndogo, lakini sababu yenyewe si diski. Seva inatoa namba kwa kupanda, kundi kwa kundi, wala hairudii namba. Msomaji naye anamaliza za nyuma na kubakiza chache za mbele. Matundu yote, yaani namba ambazo hazijasomwa, yanakusanyika mkiani. Sasa wewe unahifadhi namba milioni, moja baada ya nyingine, wakati ukweli wote ni vipande vichache tu. Kwenye Python ya biti 64, jedwali la hiyo set() peke yake linapita MB 30, na juu yake kila namba ni kitu cha baiti 28.

fundi_C ana hoja, bitimapu ina kasi. Ila kundi ambalo namba zake zimefika milioni 40 litakubebesha MB 5 za biti za meseji zilizokufa zamani, usipoanza kuhesabu kutoka namba ya chini, yaani ya meseji ya zamani kabisa iliyobaki kwenye seva. RFC 3977, hati ya kiwango cha NNTP, inaruhusu namba hadi 2,147,483,647, fanya hesabu mwenyewe. Weka orodha mbili zilizopangwa, ya mianzo na ya miisho, kisha tafuta kwa `bisect`, moduli ya Python ya kutafuta kwa kugawa nusu kwa nusu. Inatosha kabisa.

Hiyo namba ya chini seva inakupa ukituma amri ya GROUP na jina la kundi:

`211 1203 390100 391388 comp.lang.c`

211 ni msimbo wa jibu, kisha makadirio ya idadi ya meseji, namba ya chini, namba ya juu. Kila iliyo chini ya 390100 ihesabu imesomwa. Vipande vya nyuma vinaungana vyenyewe na orodha inabaki fupi miaka nenda rudi.

Ila usilazimishe vipande kila mahali. Meseji ulizotia nyota ni chache na zimetawanyika, kila moja itakuwa kipande cha peke yake. Hapo set() ya kawaida inafaa, na iwe ya Message-ID (kitambulisho cha meseji, kilekile kwenye kila seva), si ya namba. Namba ni mali ya seva: ukihamia seva nyingine, 391207 ni meseji tofauti kabisa. Kupoteza "nimesoma" kunavumilika. Kupoteza nyota kunauma.

kibodi_mbovu:
Shukrani mzee. Na meseji iliyotumwa makundi mawili kwa mpigo? Sitaki kuisoma mara mbili.

Mzee wa Seva:
Soma kichwa cha Xref, kinataja kila kundi pamoja na namba ya meseji humo. Ukisoma upande mmoja, tia alama na upande wa pili, hata kama kundi hilo hujalifungua leo. Hapo vipande vitatoboka katikati kidogo, usishtuke, vitaungana ukisoma zilizobaki.

Kazi iko kwenye kuongeza na kuondoa. Ukiongeza 501 penye 1-500 na 502-510, lazima kitoke kipande kimoja, 1-510. Ukirudisha 300 kuwa haijasomwa, vitoke viwili, 1-299 na 301-510. Usiamini macho: andika jaribio linaloongeza na kuondoa namba za bahati nasibu kati ya 1 na 50, kwenye vipande na kwenye set() ya kawaida sambamba, na lilinganishe kila hatua. Tumia namba ndogo hivyo hivyo, ndizo zinazogongana mara nyingi.

fundi_C:
Nakubali kwa .newsrc. Kwenye kumbukumbu bado natumia bitimapu, nikianzia namba ya chini 😄

Mzee wa Seva:
Ukihifadhi kwa vipande, huko ndani fanya utakavyo.