Naomba ushauri: nitazungumzaje tena na mjomba baada ya kutofautiana kuhusu korosho na siasa?

Mwana wa Newala (mleta uzi)

Wanajukwaa wenzangu, nawasalimu. Mimi ni mkulima wa korosho hapa Newala, na ninaomba ushauri wenu juu ya jambo linaloninyima raha. Mjomba wangu, kaka yake mama, ndiye aliyenilea na kunisomesha, na kwetu sisi Wamakonde posa, msiba au mgogoro wa shamba haumalizwi bila neno la mjomba. Yeye ni kada wa chama tawala tangu ujana wake na amewahi kuwa mjumbe wa bodi ya chama cha msingi cha ushirika wa wakulima. Mimi niko upinzani, na hilo linajulikana nyumbani.

Tumetofautiana kuhusu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hupeleka korosho ghalani kupitia ushirika, akapewa stakabadhi, na mzigo ukauzwa kwa mnada. Yeye anauona kuwa ndio uliomwokoa mkulima wa kusini, nami naona kwamba mkulima angeachwa achague mnunuzi wake, kwa sababu bei inayotangazwa mnadani hupitia ushuru wa halmashauri, chama kikuu, chama cha msingi, ghala na usafirishaji kabla ya kumfikia mwenye mzigo. Msimu uliopita nilimpelekea karatasi yenye hesabu zote, mstari kwa mstari, kuanzia bei ya mnada hadi fedha iliyoingia kwenye akaunti yangu. Aliisoma taratibu mpaka mwisho, akaikunja, akaiweka chini ya kikombe chake cha chai, kisha akaniuliza: "Umetumwa na nani?" Tangu hapo nikimwamkia anaitikia marahaba, na mazungumzo yanaishia hapo hapo.

Mdogo wangu anatarajia kuposa, na hatuwezi kwenda ukweni tukiwa hivi. Naomba kujua mambo mawili. Kwa nini hesabu zilizo wazi zimemfanya ashikilie msimamo wake zaidi? Na nitaanzia wapi kuzungumza naye? Naomba kuwasilisha.

Mwalimu wa Ligula

Ndugu mleta uzi, pole. Swali lako la kwanza limechunguzwa kwa miaka mingi. Mwaka 1979 Charles Lord, Lee Ross na Mark Lepper wa Chuo Kikuu cha Stanford, Marekani, waliwakusanya wanafunzi waliounga mkono adhabu ya kifo na wengine walioipinga, wakawasomesha wote muhtasari wa tafiti mbili, mmoja ukionyesha kwamba adhabu hiyo hupunguza mauaji na mwingine ukionyesha kinyume chake. Kila upande uliukubali kwa urahisi utafiti uliouunga mkono na kuutafutia kasoro ule uliopingana nao, na mwishowe wengi walieleza kuwa wanaamini msimamo wao kuliko walivyouamini kabla ya kusoma. Hawakuwa watu wajinga. Walitumia akili nyingi, ila waliitumia kukagua upande mmoja tu.

Lakini kwa mjomba wako naona kuna jambo zito zaidi ya hilo. Henri Tajfel, aliyekuwa akifundisha Bristol, Uingereza, alichapisha mwaka 1970 majaribio aliyowafanyia wavulana wa shule, ambapo aliwagawa kwa vigezo visivyo na uzito wowote, kwa mfano kuwaambia kwamba wamependelea michoro ya msanii Klee au ya mwenzake Kandinsky. Hawakuambiwa nani yuko nao kundini, na hawakupata faida yoyote binafsi, hata hivyo walipogawa fedha waliwapendelea wa kundi lao. Ikiwa mgawanyo mwepesi namna hiyo unatosha, fikiria chama ambacho mtu amekitumikia tangu ujana, kikamzika baba yake na kumpa heshima kijijini. Sisi tuliokuwa hapa Mtwara mwaka 2013, wakati wa vuguvugu la kupinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, tunakumbuka jinsi ilivyokuwa vigumu kuuliza swali la kawaida kuhusu mradi ule bila watu kutaka kwanza kujua uko upande gani. Mjomba wako alikuuliza swali lile lile. Karatasi yako ilihusu makato, yeye akaisoma kama taarifa kwamba mtoto aliyemlea amehamia kwa wengine.

Mkulima wa Nachingwea

Kijana wangu, mimi nina umri wa kukaribiana na mjomba wako, na nitasema yale ambayo pengine yeye hakuyasema kwa sababu hukumwuliza.

Kabla ya mfumo huu kuletwa kwenye korosho, msimu wa 2007/08, tuliuza tulivyoweza. Ilipofika Februari chakula kikiwa kimekwisha ghalani, mtu wa kangomba, yaani mnunuzi asiye rasmi anayepima kwa bakuli badala ya mizani, alikuja na bakuli lake, akatoa fedha kidogo ya kununulia unga, na korosho ambazo mikorosho yake ilikuwa haijatoa hata maua zikawa tayari ni zake. Oktoba alirudi kuchukua mzigo kwa bakuli lile lile, likijazwa mpaka linafanya kichuguu, na kilichozidi juu ya ukingo hakikuhesabiwa. Mama yangu aliuza hivyo mwaka baada ya mwaka. Kwa hiyo unaponiambia mkulima aachwe achague mnunuzi wake, mimi simwoni mnunuzi unayemfikiria wewe, namwona yule mwenye bakuli.

Sisemi makato ni sawa. Mimi mwenyewe nayalalamikia kwenye kila mkutano mkuu wa AMCOS yetu, yaani chama chetu cha msingi. Lakini mtu aliyeyaona yale hatageuzwa na karatasi ya msimu mmoja, na sidhani kama anapaswa kugeuzwa nayo.

Binti Mikindani

Shikamoo mzee wa Nachingwea. Maelezo yako yanaonyesha mahali pa kuanzia.

Kaka Mwana wa Newala, mwaka 2002 Leonid Rozenblit na Frank Keil walionyesha kwamba watu hudhani wanaelewa vizuri jinsi vitu vya kila siku, kama zipu au choo cha kuvuta maji, vinavyofanya kazi, mpaka watakapoombwa waeleze hatua kwa hatua. Mwaka 2013 Philip Fernbach na wenzake walilipeleka jambo hilo kwenye siasa. Walioombwa kutoa sababu za kuunga mkono sera fulani walibaki na msimamo wao, lakini walioombwa kueleza sera hiyo inavyofanya kazi mwanzo hadi mwisho walilegeza msimamo kidogo. Ni lazima niongeze kwamba watafiti waliorudia jaribio hilo baadaye waliona watu wakikiri kuwa wanaelewa machache kuliko walivyodhani, ila misimamo haikulegea kama ilivyotarajiwa. Usilichukue kama dawa ya uhakika.

Hata hivyo naona lina faida kwako, hasa ukianza kulitumia kwa upande wako mwenyewe. Eleza kwa sauti, kama unamweleza mtoto wa shule, soko huru unalolitaka litakavyofanya kazi: nani atapima, mizani itakaguliwa na nani, wanunuzi watatu wakikubaliana bei gizani mkulima atakwenda wapi, na salfa ya kupulizia ubwiri unga, ule ugonjwa wa ukungu wa mikorosho, itapatikana kwa mkopo wa nani. Ukishayajibu hayo ndipo umwombe mjomba naye aeleze makato yanavyopangwa, yanajadiliwa kwenye kikao gani, na mwanachama wa kawaida anaweza kuyapinga kwa njia ipi. Amekaa kwenye bodi, kwa hiyo anayajua mambo ambayo wewe unayaona kwenye karatasi tu. Mwulize kwa sababu unataka kujua. Akihisi unamtegea, atafunga mlango, na atakuwa na haki ya kuufunga.

Mwana wa Newala (mleta uzi)

Nawashukuru sana, na mzee wa Nachingwea nakupa shikamoo. Habari za kangomba nilizisikia juu juu, lakini mjomba hajawahi kunisimulia yaliyompata yeye. Naomba kufafanuliwa: je, mnamaanisha kwamba hesabu hazina kazi kabisa, na kwamba ukweli haumbadilishi mtu?

Mwalimu wa Ligula

Hapana, na ninafurahi umeuliza, kwa sababu wengi huondoka na dhana hiyo. Mwaka 2010 Brendan Nyhan na Jason Reifler walichapisha matokeo yaliyoonyesha kwamba baadhi ya watu wakisahihishwa kwenye jambo la kisiasa huzidi kuamini uongo waliokuwa nao. Habari hiyo ilivuma sana. Baadaye Thomas Wood na Ethan Porter walijaribu masuala mengi zaidi kwa maelfu ya watu, wakachapisha mwaka 2019 kwamba hali hiyo karibu hawakuiona popote: watu wengi wakipewa taarifa sahihi huikubali, angalau kwa sehemu. Kinachobaki bila kutikisika mara nyingi ni utii wao kwa chama au kiongozi. Mjomba anaweza kabisa kukubali kwamba kiasi fulani kilikatwa na bado akaupenda mfumo. Hayo mawili hayapingani, na usimdai ayapatanishe kwa kuhama chama.

Kuna kazi nyingine ya David Broockman na Joshua Kalla, iliyochapishwa mwaka 2016, kuhusu wahamasishaji waliopita nyumba kwa nyumba huko Miami kuzungumzia haki za watu waliobadili jinsia, jambo linalowagawa sana Wamarekani. Hawakuhutubia. Waliuliza, wakasikiliza bila kuhukumu, wakamwomba mwenyeji akumbuke siku ambayo yeye mwenyewe alitengwa au kuonekana tofauti, nao wakasimulia yao. Mazungumzo ya dakika kama kumi yalipunguza chuki, na mabadiliko yalionekana hata baada ya miezi mitatu. Kwako maana yake ni kwamba simulizi ya bakuli itangulie, karatasi ifuate, kama itahitajika.

Binti Mikindani

Naongeza jambo la mahali. Usilianzishe kwenye kikao cha posa wala mbele ya wajumbe wenzake, kwa sababu mbele ya watu atalazimika kukitetea chama hata pale ambapo moyoni anakubaliana nawe. Mama yako anaweza kumwomba kuhusu posa peke yake, bila kuchanganya na korosho. Mazungumzo yenu nyinyi wawili yawe shambani, mkiwa na kazi mkononi.

Mkulima wa Nachingwea

Na akikuuliza tena umetumwa na nani, usikasirike. Mjibu moja kwa moja kwamba chama unachokiunga mkono anakijua, lakini swali la makato hukutumwa na mtu, unaliuliza kwa sababu mzigo wako unapita ghala moja na wake. Kisha nyamaza umsikilize. Nawe uwe tayari kutoka hapo umebadili kitu, maana yeye ataangalia hilo kwanza.

Mwana wa Newala (mleta uzi)

Nimewaelewa. Suala la posa nalikabidhi kwa mama kuanzia leo. Mwezi ujao tunaanza kupulizia salfa, na mashamba yetu yanapakana, kwa hiyo nitamwomba nimsaidie kwake kwanza kabla ya kwangu, na swali langu la kwanza litakuwa jinsi alivyokuwa akiuza kabla ya 2007. Nitaleta mrejesho hapa hapa.