Soketi za kujipima kutoka Marekani: naweza kuzifunga hapa Nakuru?

KukuWaLanet: Habari zenu wakuu. Shemeji ametoka Marekani na soketi za GFCI (zinazokata stima ikivuja), zile zenye vitufe viwili na taa ndogo. Zinajipima zenyewe, zikiharibika zinakata stima au taa inakuonya. Nataka kuzifunga kwenye nyumba ya vifaranga, maji yako kila mahali na taa za joto zinawaka usiku kucha. Fundi anasema "stima ni stima". Mnasemaje?

WayaMtupu: Usithubutu. Hizo ni za volti 120, sisi tunatumia 240. Na plagi zetu za miguu mitatu haziingii hapo hata kwa nyundo. Huyo fundi mpe nauli aende.

NyarKisumu: 😂😂 Lakini breka za kawaida kwenye boksi si zinatosha?

WayaMtupu: Hapana dada. Breka ya ampea 32 inalinda waya. Ukishikwa na stima, mwili wako hauvuti hata ampea moja, kwa hiyo breka inakuangalia tu. Unataka RCD ya miliampea 30. Inalinganisha stima inayoenda na inayorudi, ikiona nyingine imepotelea njiani inakata mara moja. Hizo za shemeji hukata kwenye miliampea 5 hivi.

KukuWaLanet: Sawa, na nitajuaje RCD ya hapa bado ni nzima?

MzeeWaMeta: Kijana, kuna kitufe kimeandikwa T. Ukikibonyeza kinatengeneza mvujo wa uongo ndani ya kifaa. Isipokata, nunua nyingine. Shida ni kwamba watu hawabonyezi. Kule Marekani, tangu 2015, kiwango cha usalama cha UL 943 kinataka soketi za GFCI zijipime zenyewe. RCD za kujipima za volti 230 zipo pia, ila za kawaida zinatosha kama mkono wako si mvivu. Lakini hicho kitufe hakipimi waya wa ardhini (earth), huo fundi apime kwa mashine.

KukuWaLanet: Asante mzee. Hofu yangu ni ikate saa nane usiku, asubuhi nikute vifaranga wameganda.

WayaMtupu: Hapo ndipo penye kazi. Usiweke RCD moja kwa boma lote, maana pampu ikivuja inazima na taa za vifaranga. Wape vifaranga RCBO yao peke yao (ni breka na RCD kwa pamoja), pampu nayo yake. Na ikikata bila sababu, tafuta kishikilia taa kilichoingia maji. Asije mtu akakwambia uiruke, yaani uunganishe waya bila kuipitia.

NyarKisumu: RCBO mnanunua wapi ambazo si feki?