Naomba ushauri: kufundisha diplomasia na ujasusi kwa vitabu vya historia

Mwl_Kilosa: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Historia kidato cha tano huku Kilosa, darasa la wanafunzi 64. Muhula ujao nataka waelewe jinsi mataifa yanavyokaa mezani kupatana huku kila moja likimpeleleza mwenzake. Nina vitabu vichache vya zamani, nakala moja moja.

Uhaba nitaumudu. Kinachonisumbua ni kwamba mwaka jana kila nilichowasomea walikimeza kama kilivyo. Nikisoma habari za jasusi, darasa linachangamka. Nikifika kwenye barua za mabalozi, wanasinzia. Mtihani ukija wanakumbuka nani alijificha wapi, ila serikali yake ilitaka nini, hawajui. Nianzie wapi?

BintPangani: Mwalimu, Msovero si iko huko huko kwenu? Anza na hapo. Novemba 1884 Mjerumani Carl Peters na wenzake walifika Unguja kwa kificho, wakavuka bara, na kabla mwaka haujaisha walikuwa na mikataba ya Usagara, Uzigua, Nguru na Ukami, ukiwamo ule wa chifu Mangungo wa Msovero. Mkutano wa Berlin, ule wa mataifa makubwa kuhusu Afrika, ukafungwa tarehe 26 Februari 1885. Kesho yake tu, Kaiser, mfalme wa Ujerumani, akaipa kampuni ya Peters hati ya ulinzi. Waulize: kwa nini Bismarck, kansela wa Ujerumani, alingoja wajumbe wamalize kikao? Swali hilo peke yake litakula kipindi kizima.

Peters mwenyewe aliandika kitabu juu ya safari ile. Chukua kurasa mbili, ziweke kando ya maneno ya mkataba, halafu waache wavitilie shaka vyote viwili.

MzeeWaNyaraka: Nakubaliana na Bint kuhusu Msovero, lakini Peters usiwafundishe kama jasusi. Alijificha, ndiyo, ila hakutumwa na serikali. Pale Unguja konseli wa Kijerumani alimwambia asitegemee ulinzi wake.

Kwa ujasusi hasa, chukua telegramu ya Zimmermann, waziri wa mambo ya nje wa Ujerumani. Januari 1917 Berlin iliiahidi Mexico kwamba ikiungana nayo dhidi ya Marekani itasaidiwa kurudisha Texas, New Mexico na Arizona. Waingereza wakainasa na kuifumbua, kisha wakakaa nayo wiki kadhaa. Kwa nini? Wangeitangaza papo hapo, Wajerumani wangejua siri ya maandishi yao imevuja. Tena telegramu ilipitia njia za kidiplomasia za Marekani yenyewe, kwa hiyo Washington nayo ingegundua kuwa inachunguliwa na rafiki. Ikabidi itafutwe nakala iliyofika Mexico, ionekane imepatikana kule. Machi 1 magazeti ya Marekani yakaichapisha, Machi 3 Zimmermann akakiri ni yake, na Aprili 6 Marekani ikaingia vitani.

Ligawe darasa: Berlin, London, Washington, Mexico. Kila kundi lipe karatasi yenye yale tu ambayo serikali yake ilikuwa inayajua siku ile. Mwisho wa kisa usiwaambie. Nakuhakikishia hakuna atakayesinzia.

Jambo jingine, wazoeshe kutazama mwaka wa kuchapishwa. Vitabu vya Vita Kuu ya Pili vilivyotoka kabla ya katikati ya miaka ya 1970, karibu vyote viko kimya kuhusu Waingereza kusoma ujumbe wa Enigma, mashine ya Wajerumani ya kuandikia kwa siri. Waandishi wengi hawakujua, na waliojua walifungwa midomo.

Mstaafu_Dodoma: Mwalimu, usiziache barua za mabalozi. Mkataba wa Vienna wa 1961, ibara ya 3, unasema moja ya kazi za ubalozi ni kujua hali ya nchi uliyomo "kwa njia zote halali". Andika maneno hayo ubaoni, kisha mkisoma barua yoyote waulize: habari hii ameipata kwa njia halali? Ibara ya 9 nayo inairuhusu nchi kumkataa mwanadiplomasia bila kueleza sababu. Waeleze na hilo.

Mwl_Kilosa: Asanteni sana wazee wangu, na wewe dada. Naanza na Msovero, wiki ya pili Zimmermann. Karatasi za makundi nitaziandika kwa mkono na kupiga fotokopi. Bado nimekwama na Peters, maana Kijerumani sikijui. Kuna mwenye tafsiri ya kurasa zake za Usagara, hata kwa Kiingereza?

BintPangani: Nipe hadi Jumamosi, mwalimu. Kuna mtu chuoni kwetu anasoma Kijerumani, nitamwomba atufanyie kurasa mbili.