Tupeane uzoefu: Safari za majini Uganda, kutoka visiwa vya Ssese hadi Mto Nile

MkaziWaKisenyi
Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Shemeji zangu wa Mwanza wanakuja Kampala Desemba na wameshapanga: wapande meli Entebbe, ipite visiwani, iingie Mto Nile, iwafikishe maporomoko ya Murchison. Nimewaambia meli hiyo haipo wala haitakuwepo. Mto ukitoka tu ziwani pale Jinja unakutana na bwawa la Owen Falls, la tangu 1954, kisha mabwawa ya Bujagali, Isimba, Karuma, ndipo maporomoko yenyewe. Kwa hiyo ni safari ya vipande: maji, lami, maji tena. Mliopita huko leteni habari. Brosha ninazo, nataka yasiyoandikwa humo.

MamaShani
Karibu Ssese, baba. Visiwa 84, ila wengi tunaishia Bugala, kile kikubwa. MV Kalangala inaondoka Nakiwogo, hapo Entebbe, saa nane mchana, mnashuka Lutoboka, bandari ya Bugala, jioni baada ya saa tatu na nusu hivi. Inarudi asubuhi saa mbili. Maana yake kulala ni lazima, msidanganyike kwamba mtakwenda na kurudi siku hiyo hiyo. Ijumaa fikeni mapema, watu na magunia hujaa.
Msitarajie msitu kisiwa kizima. Sehemu kubwa ya Bugala sasa ni michikichi ya mafuta, safu kwa safu hadi macho yanachoka. Ufukwe lakini ni mzuri, na samaki wa jioni hana mpinzani. Kuogelea kwenye majani na mafunjo acheni, kichocho kipo.

Boda_wa_Masaka
Wenye gari wapitie Masaka, Bukakata, wavuke kwa kivuko hadi Luku, huko huko Bugala. Kivuko ni bure kabisa.

DerevaMstaafu
Mimi nimepeleka wageni Murchison miaka mingi, niruhusuni nirefushe.
Kwanza, mkitoka Ziwa Victoria kwenda Murchison mnashuka na mto, hampandi. Kupanda ni pale Paraa tu, kituo cha boti ndani ya hifadhi ya Murchison: boti inaanza chini na kuupinga mkondo, kama kilomita 17, hadi karibu na maporomoko. Kwenda ni polepole, kurudi maji yanawasukuma. Asubuhi ipo, mchana ipo. Mimi nachagua ya mchana, kwa sababu jua likiwaka tembo wanateremka kunywa na mamba wamelala kingoni midomo wazi. Viboko msihesabu, mtachoka. Kwenye kingo za udongo kuna matundu mengi, hayo ni makazi ya keremkerem wenye koo jekundu. Wageni wengi wanawapita wakiwa mbele ya macho kwa kutafuta simba.
Mkianza kuona mapande ya povu yanaelea, mmekaribia. Mto mzima unabanwa kwenye ufa wa mita 7 hivi, halafu unadondoka mita 43. Boti haifiki chini yake, mkondo hauruhusu, inasimama mbali kidogo. Wenye miguu waombe washushwe wapande njia ya mawe hadi juu, gari likawasubiri huko. Ni kama saa moja ya jasho. Ukiangalia kutoka boti unaona picha, ukisimama juu ardhi inatetemeka chini ya nyayo.
Mpelelezi Mwingereza Samuel Baker na mwenzi wake Florence walifika 1864, wakayapa maporomoko jina la Murchison, mkubwa wa chama cha jiografia cha London. Na Januari 1954 ndege ya mwandishi Mmarekani Ernest Hemingway iligonga waya wa simu karibu na hapo ikaanguka. Yeye na mkewe wakaokolewa na boti iliyopita mtoni, wakafikishwa Butiaba, kwenye Ziwa Albert. Ndege ya pili, iliyokuja kuwachukua, ikashika moto ikijaribu kuruka! Wakapona tena.
Nguo za bluu na nyeusi ziacheni nyumbani. Mbung'o wa barabarani wanazipenda mno.

Nyabo_Jinja
Jinja mnaiacha? Boti ya kwenda chanzo cha Nile ni fupi, lakini mnaona alipofika mpelelezi Mwingereza Speke 1862, na sanamu ya Gandhi, ambaye sehemu ya majivu yake ilimwagwa hapo 1948. Maporomoko ya Ripon yenyewe msiyatafute, yalizamishwa na bwawa.

Kaka_Salim
Mimi ni neno moja: jaketi la kuokolea maisha. Kuna boti ya starehe tulipanda, jaketi zimefungiwa kwenye sanduku, ufunguo anao mtu aliyebaki nchi kavu. Tulishuka, nauli hatukurudishiwa. Novemba 2018 boti ya starehe ilizama upande wa Mukono na zaidi ya watu 30 wakafa. Ukiambiwa "tutawapa tukifika katikati", shuka.

MsukumaHalisi
Samahani mkuu, watu wa Mwanza unawapeleka kutazama Ziwa Victoria? Wamezaliwa nalo, Ukerewe wanakwenda misibani. Fedha yote iweke Paraa.

MamaShani
Msukuma, usiniharibie biashara 😂

MkaziWaKisenyi
Msukuma kanifungua macho. Ssese nafuta, Jinja tunapita siku moja, siku zinazobaki ni Paraa, boti ya mchana. Mzee Dereva, mama mkwe ana magoti mabovu, njia ile ya mawe ataiweza?

DerevaMstaafu
Hataiweza. Abaki botini arudi Paraa, kesho yake mfikishe juu kwa gari. Barabara inakaribia kabisa, pale atatembea kidogo tu.