Wakuu, naombeni ushauri: diski za bakapu za mashine pepe, RAID 5 au RAID 10?

Fundi Mafiati: Heshima kwenu. Niko Mbeya, natunza seva za chama cha akiba na mikopo. Moja iko hapa, nyingine tawi la Iringa. Mashine pepe sita, yaani kompyuta za kiprogramu ndani ya seva, naziendesha kwa programu ya Proxmox, jumla TB 2. Nataka bakapu kila usiku na nakala iende Iringa. Swali dogo tu: diski nne za TB 4 naziunganisha zifanye kazi kama moja (ndiyo RAID), nipange RAID 5 au 10? Bodi inakaa Ijumaa, usingizi sina.

Mnyalu Halisi: Kamwene. Iringa unapeleka kwa kasi gani?

Fundi Mafiati: Mbps 10. Nawaza replikesheni ya ZFS, ule mfumo wa kuhifadhi mafaili: kila dakika 15 mabadiliko ya Mbeya yanakiliwa Iringa.

Mnyalu Halisi: TB 2 kwa Mbps 10 ni siku 18 na ushee, usiku na mchana. Na replikesheni hiyo inataka seva zote ziwe klasta moja, yaani kundi linaloendeshwa pamoja, zijibizane chini ya milisekunde 5. Weka Proxmox Backup Server, programu yao ya bakapu, huku na huku, zitatumiana vipande vipya tu. Nakala ya kwanza panda nayo basi.

Binti Uyole: Basi! Mie nilituma laptop Makambako ikafika imelowa maziwa ya mtu.

Mzee wa Hekima: Vijana mnaomba ushauri mkiwa mmeshanunua. Hela za wajane hizo.

Kichwa Ngumu: Bakapu za sasa zinakaa wapi?

Fundi Mafiati: Zipo mkuu.

Kichwa Ngumu: Wapi?

Fundi Mafiati: Seva hiyohiyo. Ila diski pepe tofauti! Kuna diski moja ina taa ya chungwa wiki ya pili sasa, lakini RAID 5 si inavumilia moja kufa? Hizo mpya nimeshalipia nusu, anauza shemeji. Ni SMR, zile ambazo njia za data zinalaliana kama vigae, bei nzuri.

Kichwa Ngumu: Inavumilia moja, na hiyo moja ndiyo imeshakwenda.

Mnyalu Halisi: SMR na ZFS haziivi chungu kimoja. Diski moja ikifa, siku ya kujaza data kwenye mpya utakesha wiki, maana SMR huandika polepole. Mrudishie shemeji. Na replikesheni si bakapu: ukifuta kitu Mbeya, baada ya robo saa na Iringa hakipo.

Mwanjelwa Damu: Subirini. Huyu mwezi jana alileta uzi wa kuku 400 waliogoma kutaga. Leo ana seva mbili? Chai hii, tena ya rangi.

Fundi Mafiati: Kuku ni wa mke wangu jamani.

Binti Uyole: Walitaga? Wangu niliwabadilishia chakula wakakaa sawa.

Kichwa Ngumu: Acheni kuku. Fundi, leo hii, si Ijumaa: diski ya USB 3, toa kila kitu nje. Kwa MB 100 kwa sekunde ni kama saa sita. Ukimaliza chomoa, ndipo uguse yenye taa.

Fundi Mafiati: Ninayo ya TB 1. Halafu funguo za chumba anazo mhasibu, yuko msibani Tukuyu.

Kichwa Ngumu: Anza na mashine ya hesabu za wanachama. Na mfuate huyo mhasibu.

Mwanjelwa Damu: Si nilisema chai.

Binti Uyole: Trei mnauzaje?